Kwa nini michezo ya video ya mbio za magari inapendwa lakini haipati wanunuzi?

Katika muda wa majuma mawili ya mwezi Mei mwaka 2010, michezo miwili mipya ya video ya mbio za magari iliingia madukani Ulaya na Marekani. Wa kwanza, Split/Second, ulitengenezwa na studio ya Black Rock katika mji wa Brighton, kusini mwa Uingereza. Wa pili, Blur, ulitoka Liverpool, kwenye studio ya Bizarre Creations. Yote miwili ilisifiwa na wahakiki. Yote miwili ilikuwa na wamiliki wenye fedha nyingi: Disney kwa upande wa Brighton na Activision kwa upande wa Liverpool. Kufikia katikati ya mwaka 2011, studio zote mbili zilikuwa zimefungwa, na wafanyakazi wao, takriban 200 kwa upande wa Liverpool pekee, walikuwa wakitafuta riziki kwingine.

Activision ilipotangaza Novemba 2010 kwamba inatafakari hatima ya Bizarre Creations, maelezo yake yalikuwa mafupi. Soko la michezo ya mbio za magari limebadilika, ilisema, na Blur, licha ya fedha zilizowekezwa ndani yake, haukupata hadhira ya kuununua.

Tangu wakati huo kauli hiyo imerudiwa kwa maneno tofauti kila studio ya namna hiyo inapofungwa. Lakini inaacha fumbo. Hakuna aina ya mchezo wa video iliyo rahisi kueleweka kuliko hii. Mtoto wa miaka sita na babu yake wanaweza kukaa mbele ya skrini na, bila maelezo yoyote, wakajua la kufanya: kukanyaga mafuta, kukata usukani, kumpita aliye mbele. Mchezo unaofahamika na kila mtu unawezaje kukosa watu?

Sarafu moja, dakika chache

Michezo ya mbio za magari ina matawi mawili. La kwanza ni la uigaji. Humo mtengenezaji hujaribu kulileta gari halisi ndani ya kompyuta: uzito wake, namna tairi zinavyoshika lami, umbali linaohitaji ili lisimame. Anayeingia kona kwa kasi isiyofaa hutoka barabarani, na hapo mashindano yake huwa yamekwisha. Tawi la pili huitwa akedi, na ndilo linalozungumziwa hapa. Katika michezo ya akedi gari huserereka kwenye kona kama linaloteleza juu ya sabuni, likigonga ukuta huendelea na safari, na breki ni kitu ambacho mchezaji hodari hukigusa kwa nadra sana.

Jina hilo limetokana na kumbi za mashine za kuchezea zilizoendeshwa kwa sarafu, ambazo zilistawi Japani, Marekani na Ulaya katika miaka ya 1970 na 1980. Kampuni ya Namco ya Japani ilitoa Pole Position mwaka 1982. Miaka minne baadaye Sega, nayo ya Japani, ikaleta OutRun, kazi ya mbunifu Yu Suzuki. Mchezaji wa OutRun aliendesha gari jekundu la wazi lililofanana mno na Ferrari Testarossa, ingawa Ferrari yenyewe haikuwa imetoa ruhusa. Kabla ya kuondoka alichagua muziki wa redioni. Njiani barabara iligawanyika tena na tena, kushoto au kulia, hadi kufika kwenye mojawapo ya vituo vitano vya mwisho. Juu ya skrini sekunde zilikuwa zikipungua, na zikiisha, kilichohitajika ni sarafu nyingine.

Sarafu hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu. Mwenye ukumbi hakutaka mteja mmoja aikalie mashine kwa nusu saa huku wengine wakisubiri. Mchezo ulipaswa kumvuta mpita njia, ueleweke ndani ya sekunde chache, umpe raha ya haraka, kisha umwinue kitini akiwa bado na hamu. Sega ilipoleta Daytona USA katikati ya miaka ya 1990, mashine hadi nane ziliweza kuunganishwa, watu wanane wakaketi bega kwa bega wakizomeana. Sehemu kubwa ya raha ilikuwa ni huyo jirani wa kiti cha pili. Programu yenyewe ilikuwa fupi, na haikuhitaji kuwa ndefu.

Kilichopotea sebuleni

Tarehe 3 Disemba 1994, siku ambayo mashine ya PlayStation ilianza kuuzwa Japani, mmoja wa michezo iliyouzwa pamoja nayo ulikuwa Ridge Racer wa Namco. Watu waliupenda sana, na ni haki kusema kwamba ulisaidia kuipa PlayStation jina. Hata hivyo, ndani yake mlikuwa na barabara ileile moja iliyorefushwa au kugeuzwa hapa na pale. Ukumbini hiyo haikuwa kasoro hata kidogo, kwa sababu aliyelipa alilipia dakika tatu tu. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mtu alitoa bei ya mchezo kamili, akaketi baada ya chakula cha jioni, na kabla ya kulala alikuwa ameona karibu kila kitu kilichokuwemo.

Jibu la swali hilo la thamani lilitoka Japani Disemba 1997, na lilitoka upande wa uigaji. Gran Turismo, ulioongozwa na Kazunori Yamauchi, ulimpa mnunuzi zaidi ya magari 100 ya kampuni halisi, mitihani ya leseni ya udereva, fedha za kuhesabu, na gari kuukuu la kununua, kulitengeneza na kuliboresha hadi liweze kushinda. Mchezo huo uliuza zaidi ya nakala milioni 10. Ulipofuatwa na Gran Turismo 2 mwaka 1999, kasha lilikuwa na diski mbili, moja ya uigaji na nyingine ya akedi. Mchezo uliokuwa ukijaza kumbi ulikuwa sasa umekuwa kionjo ndani ya kasha la mwingine.

Tangu hapo thamani ya mchezo wa magari ilianza kupimwa kwa wingi. Magari mangapi? Barabara ngapi? Saa ngapi za kucheza? Hivyo ni vipimo ambavyo akedi, kwa maumbile yake, haikuwahi kuundwa kuvikidhi. Ubora wake ni kwamba humalizika upesi na humfanya mtu atake kurudia. Kumwomba anayeusimamia mchezo huo aurefushe hadi saa 40 ni sawa na kumwomba mwimbaji wa taarabu arefushe beti moja usiku kucha.

Walikuwepo waliofanikiwa kwa muda. Studio ya Criterion ya mji wa Guildford, Uingereza, ilipata dawa yake katika ajali. Katika Burnout 3 wa mwaka 2004, mchezaji hakuombwa tu kuwapita wapinzani bali kuwagonga, kuwasukuma ukutani na kwenye magari yanayokuja, na kila ajali ilionyeshwa polepole, vioo vikitawanyika na bodi ikipondeka. Huenda ndio mchezo bora kabisa wa akedi uliowahi kutengenezwa kwa ajili ya nyumbani. Magari yake yote yalikuwa ya kubuni, na sababu haikuwa uchoyo. Kampuni za magari kwa kawaida hazipendi kukodisha majina yao ili bidhaa zao zionyeshwe zikisagwa.

Hapo ndipo ugumu mwingine unapojitokeza. Anayetumia magari halisi hupata majina yanayouza, kama Ferrari, BMW au Ford, lakini hulazimika kulipia leseni na kukubali masharti. Anayebuni magari yake huwa huru kuyapasua apendavyo, lakini picha iliyo juu ya kasha haimwambii mnunuzi chochote. Mchezo wa mpira una Messi na Ronaldo. Mchezo wa vita una askari mwenye uso na kisa. Gari la kubuni, hata likipakwa rangi nzuri namna gani, halina jina wala kisa.

Mtihani wa Mei 2010

Kwa sababu hiyo, yaliyotokea Brighton na Liverpool yanastahili kutazamwa kwa makini, maana studio hizo mbili zilichagua njia zilizopingana. Split/Second ulitumia magari ya kubuni. Mbio zilifanyika ndani ya kipindi cha televisheni cha kufikirika ambamo mchezaji aliweza kulipua mazingira: mnara wa kuongozea ndege ukaanguka juu ya barabara, ndege ikashuka mbele ya magari, daraja likakatika. Blur ulichukua magari halisi yenye leseni, ukayapa nguvu za kimiujiza za kurushiana mithili ya radi, na kuruhusu hadi watu 20 washindane kwa intaneti. Tangazo lake la biashara liliidhihaki waziwazi michezo ya magari ya vikaragosi, kana kwamba ni mambo ya watoto na Blur ni wa wakubwa.

Kama tatizo lingekuwa ni leseni pekee, mmoja kati ya hiyo miwili ungepona. Haukupona hata mmoja.

Sehemu ya sababu ilikuwa kalenda tu. Michezo hiyo ilitoka karibu siku moja na Red Dead Redemption, mchezo wa wapanda farasi wa Marekani ya kale uliomeza mazungumzo yote ya mwezi ule, na Sony nayo ikatoa ModNation Racers, mchezo mwingine wa mbio, katika majuma hayohayo. Sehemu ya pili ilikuwa gharama. Kizazi kipya cha mashine kilidai picha safi zaidi, kwa hiyo watu wengi zaidi na miaka mingi zaidi ya kazi, na mauzo ambayo miaka kumi kabla yangeitwa ya kuridhisha sasa yaliitwa hasara. Kwa kampuni iliyokuwa ikiuza michezo ya vita ya Call of Duty, kama Activision, fedha zilizowekwa katika Blur zilikuwa na mahali pengine pa kwenda. Split/Second uliishia kwa maneno yanayoahidi kwamba kisa kitaendelea. Sehemu ya pili ilianza kutayarishwa, ikafutwa.

Bahati mbaya haikuishia hapo. Mwezi Machi 2011 studio ya Evolution, iliyoko Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, ilikuwa tayari na MotorStorm Apocalypse, mbio ndani ya mji unaobomolewa na tetemeko la ardhi. Tarehe 11 Machi Japani ikakumbwa na tetemeko na tsunami. Sony ikaahirisha kuutoa mchezo huo Uingereza na kufuta kabisa mpango wa kuuza Japani, uamuzi ambao ni vigumu kuulaumu. Studio hiyohiyo ilitoa Driveclub mwaka 2014, ambao seva zake zilizidiwa tangu siku za mwanzo. Sony iliifunga mwezi Machi 2016. Watu wake wengi walichukuliwa na kampuni ya Codemasters, wakaunda Onrush wa mwaka 2018, ambamo hakukuwa na mstari wa kumalizia. Timu mbili za magari zilipambana katika mbio zisizofika popote. Wahakiki waliupokea vizuri, mauzo hayakufikia matarajio, na punguzo la wafanyakazi likafuata.

Mtu anaweza kucheka wazo la mbio zisizo na mwisho. Hata hivyo, waliolibuni walikuwa wameona jambo la kweli: katika mbio za kawaida, mchezaji dhaifu akiachwa nyuma kwenye kona ya pili, dakika zinazobaki anaendesha peke yake.

Pedi mbili na skrini moja

Sababu nyingine haizungumzwi sana na wakuu wa kampuni, lakini mtu yeyote aliyewahi kuingia katika ukumbi wa gemu wa Afrika Mashariki anaweza kuiona. Kutoka Mombasa hadi Kampala, na kutoka Kigoma hadi Bujumbura, kumbi hizo zinafanana: chumba kidogo, televisheni kadhaa ukutani, mashine za PlayStation za vizazi mbalimbali, benchi, na vijana wanaolipa kwa mechi au kwa muda. Kinachochezwa ni mpira wa miguu, na pengine ngumi. Mchezo wa magari upo katika orodha, lakini huombwa kwa nadra.

Si kwamba vijana hao hawapendi magari. Mechi ya mpira hukaliwa na watu wawili mbele ya skrini moja, ina muda unaojulikana, na mwishowe hutoa mshindi na mshindwa ambaye atataniwa hadi kesho yake. Kwa mwenye ukumbi hiyo ni biashara safi. Ukumbi wa namna hiyo ndio mrithi halisi wa zile kumbi za sarafu za Japani, na hitaji lake ni lilelile la mwaka 1986: mchezo mfupi, unaoeleweka, wenye jirani wa kuzomewa.

Michezo ya akedi ingefaa hapo kuliko mahali pengine popote, kama isingeacha yenyewe kuhudumia watu wawili. Burnout 3 uliruhusu skrini igawanywe nusu kwa nusu. Burnout Paradise wa mwaka 2008, uliokuwa na mji mzima wa kuzunguka kwa uhuru, haukuruhusu. Sababu ni ya kiufundi. Wachezaji wawili wakiwa katika mji mkubwa, mmoja bandarini na mwingine mlimani, mashine hulazimika kuchora sehemu mbili zilizo mbali kwa wakati mmoja, na nguvu haitoshi. Watengenezaji waliamua kwamba wapinzani wakutane kwa intaneti. Michezo ya Forza Horizon, inayotawala tawi hili leo, haigawanyi skrini kabisa, na Forza Horizon 5 huhitaji zaidi ya gigabaiti 100 za nafasi. Kwa anayenunua bando la intaneti kwa siku au kwa wiki, mchezo huo ni kama haupo.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Mojawapo ya michezo ya magari iliyofanikiwa zaidi katika muongo uliopita ni Rocket League wa mwaka 2015, na hauna mbio. Magari hucheza mpira wa miguu.

Walionusurika

Anayetaka kusema kwamba tawi hili limekufa atakumbushwa kwanza jina la Mario Kart. Mario Kart 8 Deluxe wa kampuni ya Nintendo umeuza zaidi ya nakala milioni 60, idadi ambayo michezo michache sana ya aina yoyote imewahi kuifikia. Ile michezo ya vikaragosi iliyodhihakiwa na tangazo la Blur ndiyo iliyoshinda. Lakini ushindi wake unathibitisha hoja iliyotangulia. Unauza kwa sababu ya wahusika wanaopendwa tangu utotoni, hugawanya skrini hadi kwa watu wanne, humsaidia aliye nyuma kwa silaha kali ili asikate tamaa, na huuzwa na kampuni inayotengeneza mashine yenyewe. Ni vigumu kwa mtengenezaji mwingine kuwa na vyote hivyo kwa pamoja.

Mnusurika wa pili ni huyo Forza Horizon. Wa tano, uliotoka Novemba 2021 na ambao mandhari yake ni Mexico, ulipata zaidi ya wachezaji milioni 10 katika wiki yake ya kwanza. Neno la kuangaliwa ni wachezaji, si wanunuzi. Wengi waliupata kupitia huduma ya Microsoft ya kulipia kila mwezi, ambamo mchezo mmoja ni sehemu ya mamia. Kwa Microsoft, kazi ya mchezo huo ni kuwafanya watu waendelee kulipia huduma. Studio isiyo na tajiri wa namna hiyo haiwezi kuiga mfano huo.

Wa tatu wamo katika simu, na huko ndiko wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walikokutana na akedi. Asphalt 8 wa kampuni ya Gameloft ulianza kuuzwa mwaka 2013 kwa chini ya dola moja, kisha ukatolewa bure. Bure hiyo ina masharti yake. Katika Real Racing 3, uliotoka mwaka huohuo, gari lililochakaa lilihitaji matengenezo yaliyochukua dakika halisi za saa ya ukutani, na asiyetaka kungoja alilipa. Sarafu ya ukumbini imerudi kwa mlango wa nyuma, isipokuwa sasa hailipiwi ili kucheza, inalipiwa ili kuacha kusubiri.

Mchezo ulionunuliwa, kisha ukaondolewa

Kwa mnunuzi wa kawaida, lililo zito zaidi ni kwamba michezo ya magari huuzwa kwa muda. Leseni za kampuni za magari na za muziki zina tarehe ya mwisho, na ikifika, mchezo huondolewa kwenye maduka ya intaneti. OutRun, ule uliozaliwa na gari lisilo na ruhusa ya Ferrari, uliweza kuuzwa. Toleo lake la mwaka 2009, OutRun Online Arcade, lililokuwa na leseni halali ya Ferrari, liliondolewa sokoni leseni ilipoisha. Forza Horizon 4 uliondolewa tarehe 15 Disemba 2024, miaka sita baada ya kutoka. Waliokwisha kuununua wanaendelea kuucheza, lakini mgeni hawezi tena kuupata kwa njia ya intaneti. Driveclub ulisitishwa kuuzwa mwaka 2019, na seva zake zikazimwa Machi 2020.

Tukio kali zaidi lilikuwa la The Crew. Kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft iliuuza mchezo huo tangu 2014, na kwa kuwa ulitegemea seva kwa kila kitu, seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024 hata aliyetaka kuendesha peke yake hakuweza tena. Mwenye diski mkononi alibaki na diski tu. Hasira iliyofuata ilizaa kampeni ya kuzitaka serikali zizuie michezo iliyolipiwa isiuawe kwa namna hiyo, na mwezi Julai 2025 ombi lake mbele ya Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja. Kwa Afrika Mashariki, ambako mashine na diski za mkono wa pili ni soko la kweli, jambo hilo lina uzito wake. Diski ya zamani ya Burnout 3 bado inachezeka popote penye PlayStation 2 nzima. Diski ya The Crew peke yake haichezeki popote.

Upande wa uigaji nao hauko salama. Safari Rally, inayopita kwenye vumbi la Naivasha nchini Kenya, ilikuwemo katika mchezo rasmi wa mashindano ya dunia ya magari ya rally uliotolewa na Codemasters Novemba 2023. Kampuni hiyo, iliyonunuliwa na Electronic Arts ya Marekani mwaka 2021 kwa takriban dola bilioni 1.2, ilitangaza mwishoni mwa Aprili 2025 kwamba imefikia mwisho wa safari na michezo hiyo ya rally. Wafanyakazi wengine walipoteza kazi. Criterion, wale mafundi wa ajali wa Guildford, ambao pia ni mali ya Electronic Arts, walikuwa wamekwishahamishwa kwa sehemu kubwa tangu Septemba 2023 kwenda kusaidia kutengeneza mchezo wa vita, Battlefield. Waanzilishi wa Burnout waliotoka humo na kuunda studio yao ndogo walitoa Dangerous Driving mwaka 2019. Ulikuwa na kasi ileile na ajali zilezile, lakini hakukuwa na muziki ndani yake. Aliyetaka nyimbo aliunganisha akaunti yake mwenyewe ya Spotify.

Pengine njia iliyo nyepesi zaidi imeonyeshwa Brazil. Mwaka 1992 kampuni ya Gremlin ya Sheffield, Uingereza, ilitengeneza mchezo wa mbio ulioitwa Top Gear, ambao Uingereza wengi wameusahau lakini Brazil ulikaa vizazi viwili, ukichezwa na ndugu na majirani kwenye televisheni moja. Watoto wa enzi hiyo walipokua, baadhi yao, katika studio ya Aquiris ya mji wa Porto Alegre, walitengeneza Horizon Chase, kwanza kwa simu mwaka 2015, kisha kwa konsoli mwaka 2018. Picha zake ni za rangi chache na maumbo mepesi. Magari hayana leseni ya mtu. Skrini ya toleo la konsoli hugawanywa kwa watu wanne, na muziki uliandikwa na Barry Leitch, mtunzi yuleyule wa Top Gear. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya mchezo kamili, na haikumwahidi mnunuzi saa 40.

Mwaka 2023 studio hiyo ilinunuliwa na Epic Games ya Marekani, mmiliki wa Rocket League.